Namba Kumi na Nne

Kampala, Jumapili, 9 Septemba 1956
Asubuhi ya ukungu. Jua limetoka saa nne.

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Mimi sijambo, homa iliyonishika wiki ya kwanza imekwisha. Natumaini wewe, wifi Benedikta na Mama hamjambo, na kwamba paa la jiko limeshazibwa kabla ya mvua za vuli. Nisalimie pia Mwatumu wa Kigombe akija kuchukua vyungu.

Safari ilichukua siku nne: Tanga hadi Moshi, Moshi hadi Voi, Voi hadi Nairobi, kisha huku. Nimepewa chumba chenye dirisha moja na meza. Katika ofisi ya lugha kazi yangu ni kunakili maneno kwenye kadi na kuzipanga kabatini. Nilidhani nitachoka, lakini sichoki. Unakumbuka daftari langu la salamu, nilipokuwa nazunguka safu za nyumba za kambi ya mkonge? Kwa Wanyamwezi nasema mwangaluka, kwa Wangoni na Wamakonde najifunza za kwao, na marehemu Baba anawaambia watu mtoto huyu ana midomo saba. Kisha shuleni mwalimu akaniazima kitabu cha Kilatini nikakikalia likizo nzima. Kazi hii ni ile ile, ila sasa ina kabati.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mkubwa wangu hapa, Bwana Hallam, amejua kwamba Mama ni Mkisi wa Ziwa Nyasa, na kwamba Kikisi hakimo kabatini hata kadi moja. Ameniambia hivi: nikikusanya maneno mia tano kabla ya mwisho wa Juni, yote kutoka kwa mtu mmoja, atapeleka jina langu Uingereza nikasomee elimu ya lugha kwa miaka mitatu. Hilo la mtu mmoja alilirudia. Mdomo mmoja, alisema. Ukichanganya wawili kazi yote ni bure.

Mimi siwezi kuwa mdomo huo. Unajua Kikisi changu: nasikia, lakini najibu kwa Kiswahili.

Nimefunga humu orodha nzima, karatasi kumi na mbili. Usimpe zote, utamchosha. Kila barua nitakuambia namba za kumwuliza. Mwezi huu 1 mpaka 30. Yeye aseme, wewe uandike kama unavyosikia.

Mwambie Mama najuta kwa ile asubuhi ya lori.

Mdogo wako,
Lea


Kambini, karibu na Kigombe, 30 Septemba 1956

Mdogo wangu Lea,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumatano, karani wa posta akaniletea mpaka dirishani kwangu ninapoandika vipande vya siku za kazi za vibarua, maana bahasha ilikuwa nene akadhani ni ya serikali. Sisi wote wazima. Paa limezibwa. Benedikta ni mjamzito, Mungu akijalia atajifungua mwezi wa nne. Mama amekwisha toa amri yake: mtoto akiwa wa kike asiitwe Bertha. "Jina langu bado nalitumia," anasema. "Mkilitaka, subirini nilivue."

Nilikaa naye Jumapili iliyopita baada ya ibada. Yeye anafinyanga, mimi kwenye kigoda na karatasi zako, na Mwatumu amechuchumaa anachagua vyungu, anavigonga kimoja kimoja kwa kidole kusikia kama vina ufa. Nikasoma namba 1, mkono.

"Mkono?" akasema Mama. "Anayo miwili tangu nimzae. Leo ndiyo anauliza?"

"Mama, wewe sema tu, niandike."

"Wallahi Bertha, usiseme bure!" Mwatumu akadakia. "Mzungu yule alipwa kwa maneno hayo. Leo umpe la mkono, la kidole mpaka mwezi ujao."

Ndivyo ilivyokwenda. Katika thelathini amejibu kumi na saba. Jina la udongo mkavu hakulisema mpaka nikamletea udongo mkavu akaushika. Namba 22 alisema ni swali la kipumbavu, nikuandikie hivyo. Baada ya hapo alisema kuna watu wenye kazi, akanifukuza.

Sasa namba 14. Nilisoma kama ulivyoandika: "maneno ya kumuaga mtu anayesafiri." Akaacha kufinyanga.

"Hilo haliandikwi," akasema. "Kwetu linasemwa mlangoni, mtu amesimama na mzigo wake, nami nimemshika mkono. Yeye alisubiri? Aliparamia lori la mkonge kabla sijanawa udongo. Nimefika barabarani naona vumbi. Namba hiyo aje aichukue mwenyewe."

Nikajaribu tena mwisho, akarudi kwenye chungu chake.

Anauliza pia kama bado unaandika kwenye daftari lako la siku saa uliyolala. "Mwulize, akishalala anaandikaje?" Mwatumu alicheka mpaka akaweka chungu chini.

Kaka yako,
Fanueli


Kampala, Jumapili, 4 Novemba 1956
Asubuhi mvua nyepesi. Saa tatu imekatika.

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Ninawaombea wote, na wifi zaidi. Mimi sijambo. Nimehamishiwa meza iliyo karibu na dirisha.

Mwambie Mama saa niliyolala naiandika asubuhi yake. Nimecheka sana. Kumi na saba zimeingia kwenye kadi, na Bwana Hallam amezishika moja moja kama mtu anayeshika mayai. Kwa namba 14 amesema tusilazimishe, wenye lugha hukataa mara ya kwanza, mara ya pili hukubali.

Mwezi huu mwulize 31 mpaka 120, na yale aliyoyaacha. Ni mengi, najua, lakini Juni haiko mbali.

Jambo moja ambalo usimwambie. Katikati ya orodha, baada ya 75, umwulize tena namba 1. Ndivyo kazi hii inavyofanywa. Mtu huulizwa neno lile lile mara mbili, miezi ikiwa imepita, kuona kama jibu halikubadilika. Nitafanya hivyo kila mara.

Ofisi inafungwa wiki mbili wakati wa Krismasi. Ningeweza kuja, ukitoa siku za treni ningebakiwa na sita za kukaa nyumbani. Lakini Bwana Hallam ameniachia ufunguo wa kabati, nami nina kadi elfu mbili za lugha nyingine za kupanga. Nimeona nibaki. Mama ataelewa.

Mdogo wako,
Lea


Kambini, 2 Desemba 1956

Mdogo wangu Lea,

Marahaba. Sisi hatujambo. Benedikta amevimba miguu kidogo, mkunga anasema si kitu. Kiwanda kilisimama siku tatu, mashine ya kuchakata ilikatika mkanda, kwa hiyo kila mtu alikuja dirishani kwangu kugombania kipande chake kama mimi ndiye niliyeukata.

Nilimwuliza Mama ulivyosema. Katika tisini za mwezi huu amejibu hamsini na nane. Ya moto na ya maji aliyajibu haraka, na ya mitumbwi akafumba macho. Nilipofika 75 nikarudia namba 1.

"Hiyo nilishampa!" akasema. "Ameipoteza? Ana kabati, hana kufuli?"

"Ni kazi tu, Mama."

"Au anadhani nimezeeka, leo niuite mkono mguu? Andika: nilishajibu. Andika kwa wino."

Nimeandika kwa wino, kama unavyoona.

Anakohoa kidogo, labda upepo huu wa kaskazi. Siku hizi anafinyanga akiwa ndani.

Nilimwambia habari ya Krismasi. Akauliza, "Siku sita ni chache?" Nikasema ndiyo, kwa safari ndefu kama hiyo ni chache. Akachukua udongo wake. Amekutengenezea chungu kidogo chenye kifuniko, kinachotosha kubebwa mkononi bila kuvunjika kwenye treni. Kiko rafuni juu ya kitanda chake.

Kaka yako,
Fanueli


Kampala, Jumapili, 6 Januari 1957
Asubuhi angavu, baridi.

Kaka Fanueli,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Krismasi ilikuwa ya mvua. Nilikula kwa mlinzi wetu na mkewe, watu wa Toro, wakanifundisha namna nne za kusalimia. Kadi zote elfu mbili zimepangika.

Ile "nilishajibu" nimeitia kwenye kadi kama alivyosema, nyuma ya namba 1. Bwana Hallam aliuliza maana yake, nikamwambia ni uthibitisho.

Sasa mwulize 121 mpaka 250. Za kurudia ni namba 1 na namba 40, moto. Jiandae kwa matusi.

Kikohozi hicho akaangaliwe hospitali mjini Tanga, si zahanati ya kambi. Nimemtumia sweta la buluu. Lina vifungo vikubwa ili asihangaike navyo akiwa na udongo vidoleni.

Mdogo wako,
Lea


Kambini, 17 Februari 1957

Mdogo wangu Lea,

Marahaba. Unisamehe kwa kuchelewa. Mwezi wa kwanza vipande vilikuwa vingi na mwenzangu wa dirisha la pili aliumwa.

Sisi huku tuko salama. Benedikta anaendelea vizuri. Sweta lilifika.

Namba 121 mpaka 250 zote zimejibiwa, ziko humu. Namba 1 na 40 pia.

Mama anakusalimu.

Kaka yako,
Fanueli


Kampala, Jumapili, 10 Machi 1957
Mawingu tangu alfajiri.

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima.

Yako nimeisoma mara mbili, kisha mara ya tatu. Maneno mia moja na thelathini, na hakuna hata moja lililoachwa wala kuitwa la kipumbavu. Namba 1 imejibiwa kwa mara ya tatu: mkono, basi. Nimelinganisha na kadi ya kwanza na jibu ni lile lile.

Bwana Hallam amefurahi sana. Alisema, "Mama yako sasa ameielewa kazi." Nikasema ndiyo.

Kikohozi kiliishaje? Hospitali walisema nini? Na chungu changu, bado kiko rafuni? Mwulize kama nikibebe kwa kamba au kwa kikapu.

Tuko Machi sasa. Mwulize 251 mpaka 400. Za kurudia ni namba 1, namba 40, na namba 22 ambayo alisema ni ya kipumbavu.

Mdogo wako,
Lea


Kambini, Jumapili ya Pasaka, 21 Aprili 1957

Mdogo wangu Lea,

Marahaba, na Pasaka njema. Huku masika imeshika. Malori yamekwama shambani, na wanasema mabasi ya Mombasa hayapiti mpakani Horohoro kwa matope, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini.

Benedikta alijifungua salama tarehe sita, mtoto wa kike, mkubwa, ana sauti. Amebatizwa leo. Jina lake Bertha.

Namba 251 mpaka 400 ziko humu. Za kurudia zote zimejibiwa.

Kikohozi kimekwisha. Chungu kiko rafuni. Kikapu ni bora kuliko kamba.

Mama anakusalimu.

Kaka yako,
Fanueli


Kampala, Jumapili, 12 Mei 1957
Mvua kubwa asubuhi yote.

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Mpe wifi Benedikta hongera zangu, na umbusu mtoto. Bertha ni jina zuri.

Zimebaki 401 mpaka 500. Safari hii sikutia neno la kurudia.

Msalimie Mama.

Lea


Kambini, 9 Juni 1957

Mdogo wangu Lea,

Marahaba. Mtoto anakua, anacheka akisikia honi ya kiwanda. Benedikta amerudi shambani kwake kwenye mihogo.

Hizi ndizo za mwisho, 401 mpaka 500, pamoja na zile zilizoachwa mwanzoni. Sasa orodha imekamilika isipokuwa namba 14.

Umesema hukutia neno la kurudia. Nimeona.

Mungu akufanikishe kwa Bwana Hallam. Mama anakusalimu.

Kaka yako,
Fanueli


Kampala, Jumapili, 7 Julai 1957
Asubuhi ya jua. Hakuna upepo.

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nimekubaliwa. Barua kutoka Uingereza imefika Alhamisi. Naanza masomo Oktoba. Miaka mitatu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa niambie alikufa lini.

Usinijibu tena kwamba Mama ananisalimu. Nilijua Machi, kaka. Nilipoona namba 1 imejibiwa bila ugomvi, nilijua. Mama aliyeulizwa mkono mara ya tatu akajibu mkono tu, huyo si Mama. Nilijiambia labda amechoka, labda umeacha kuniandikia maneno yake makali kwa sababu ya haraka. Nikakuongezea za kurudia ili nimsikie akitukana. Hakutukana. Kisha ukaniandikia jina la mtoto.

Na baada ya hapo nikakutumia namba mia moja za mwisho. Hili ndilo ninalotaka ulijue kutoka kwangu. Mwezi wa tano nilikaa na kalamu. Nilikuwa na karatasi mbili mezani. Kwenye moja nilikuwa nimeanza kukuuliza, kama ninavyokuuliza leo. Kwenye nyingine niliandika 401 mpaka 500. Niliyoitia kwenye bahasha ni hiyo ya pili, kwa sababu ningekuuliza ungenijibu, na ungenijibu ningelazimika kumwambia Bwana Hallam, na Juni ilikuwa inakaribia.

Sijui maneno hayo ulikuwa unayatoa wapi. Kama ni kwa mtu mwingine, niambie. Nitamwambia Bwana Hallam, na Uingereza sitakwenda.

Na Krismasi ile nilikuwa na siku sita.

Lea


Kambini, 28 Julai 1957

Mdogo wangu Lea,

Marahaba. Tumesikia habari ya Uingereza na tumemshukuru Mungu, nikaisoma kwa sauti mbele ya Benedikta na mtoto. Wengine wazima.

Mama alifariki Jumanne tarehe 29 Januari, asubuhi, kabla ya honi ya kwanza. Alikuwa amevaa sweta lako. Lilifika wiki moja kabla. Amezikwa makaburi ya kambi, karibu na Baba.

Nikueleze kwa utaratibu, maana najua unapenda utaratibu.

Mwisho wa Novemba nilimpeleka hospitali ya mjini. Daktari alisema ni ugonjwa wa kifua, na kwamba umefika mbali. Nilipokuandikia "anakohoa kidogo" nilikuwa nimeshajua. Yeye ndiye aliyeniambia niandike "kidogo". Tuliporudi aliniambia, "Nisomee tena sharti la yule Mzungu." Nikamsomea: mdomo mmoja. Akauliza zimebaki ngapi. Nikamwambia zaidi ya mia nne. Akasema, "Basi lete karatasi zote."

Tulianza siku ya pili ya Krismasi. Kila nikitoka kazini saa tisa nakaa kwenye kigoda, yeye kitandani na donge la udongo mkononi, maana alisema bila udongo maneno hayaji. Yale aliyokuwa ameyaacha zamani akayajibu yote, hata namba 22, ingawa alisema bado ni ya kipumbavu. Siku nyingine alipata arobaini, siku nyingine matano. Namba 500 ilikuwa Jumamosi tarehe 26. Akauliza, "Zimeisha?" Nikasema bado 14. Akasema, "Hiyo nilishasema."

Kila neno ulilonalo limetoka kinywani mwake. Mimi nilinakili tu kwa mafungu uliyoyataka, na zile za kurudia nilizichukua kwenye majibu yake ya kwanza. Sikujua kwamba kwa hizo ndipo ungenikamata. Kwa hiyo kazi yako ni safi. Nenda.

Ni yeye aliyeamuru usiambiwe. Alisema, "Atapanda treni aje kulia, halafu atabaki hana mama na hana shule. Mpaka akubaliwe, msalimie kila barua. Salamu hizo nakupa leo zote, ni zangu, si uongo wako." Nilimtii. Sijui kama nilifanya vyema. Benedikta hakunisemesha siku mbili.

Jina la mtoto sikulipanga. Mchungaji aliuliza, mdomo wangu ukasema Bertha. Niliporudi nyumbani nikakumbuka amri yake ya jina, na barua niliyokuwa nakuandikia ilikuwa mezani haijafungwa. Ningeweza kuliacha lisiandikwe. Sikuliacha.

Na mimi nina langu la kukuambia. Ulijua Machi. Mimi nilikuwa nanakili namba zile dirishani kwangu, nageuza uso ukutani watu wasinione, na wewe huko ulikuwa unazipokea unageuza uso. Miezi minne, Lea. Tumebaki wawili, na tulifichana.

Sasa mazishi. Mwatumu alikuja na wanawake kumi wa Kigombe, wakasimama kando mpaka tulipomaliza sala zetu, kisha wao wakasoma dua yao. Tuliporudi nyumbani Mwatumu aliingia chumbani kwa Mama. Alijikokota mpaka rafuni akagonga chungu chako kwa kidole, akasikiliza, akakirudisha. Na mzee Methusela wa kambi ya pili alikuja kwa miguu. Ni Mkisi, ndiye pekee mwingine ninayemjua upande huu wa pwani. Kabla hatujateremsha jeneza aliomba tusubiri. Akaweka mkono juu yake, akasema maneno machache ya kwao, polepole, kama anayeongea na mtu aliyesimama.

Baadaye nilimwuliza. Nikamwambia habari ya namba 14. Akasema, "Ndiyo hayo. Msafiri ni msafiri." Akanirudia mara tatu nikayaandika.

Yamo katika karatasi hii ndogo niliyoikunja na kuibandika. Si ya mdomo wa Mama, ni ya Methusela. Utaamua mwenyewe.

Kaka yako,
Fanueli


Kutoka daftari langu la siku

Kampala, Jumatano, 14 Agosti 1957
Asubuhi ya ukungu mzito. Miti ya ng'ambo ya barabara haikuonekana mpaka saa tatu.

Barua ya kaka imefika kwa posta ya asubuhi. Nimeisoma kwenye ngazi za ofisi, nimesimama. Karatasi ndogo sikuifungua. Nimeitia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba.

Saa nne Bwana Hallam aliniita. Alikuwa na orodha ya Kikisi iliyopigwa chapa, kurasa kumi na nane, tayari kupelekwa. Alisema ni kazi safi. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza.

"Namba 14 tupu. Hakuna mtu mwingine anayeweza kukupa?"

Mkoba ulikuwa miguuni pangu.

"Ulitaka mdomo mmoja, Bwana."

"Ni kweli. Basi tuandike nini? Alikataa?"

"Hakukataa. Alisema niifuate."

"Na hukuifuata?"

"Sikuifuata."

Akaniachia karatasi. Nimekaa mezani kwangu nikapiga chapa mbele ya namba 14: Aliyeulizwa hakujibu. Nikaondoa neno "hakujibu" kwa kuweka herufi x juu yake, nikaandika "alisubiri". Halafu nikaona si lugha ya ofisi. Nikachukua karatasi mpya, nikapiga ukurasa wote upya, nikarudisha "hakujibu".

Mchana nimekata tiketi. Meli inaondoka Mombasa tarehe 21 Septemba. Nitatangulia wiki moja, nipite Horohoro, nikae nyumbani siku sita. Nimemwandikia kaka hilo tu, na kwamba anitafutie kikapu.

Jioni nimetoa kadi ya namba 1, nikaisoma nyuma, palipoandikwa kwa wino "nilishajibu". Nimejaribu kusema kwa sauti maneno ya Mama niliyoyapanga mwaka mzima. Mia nne na tisini na tisa, kwa mpangilio, mkono, kidole, jicho. Nimefika mwisho. Nayajua yote sasa, na sina wa kumjibu.

Haya ya chini nayaandika asubuhi yake, kama nilivyomwambia Mama. Nililala saa tisa na dakika ishirini usiku.